Kaka Deo, Nimenunua Pedali

Kaka Deo,

Shikamoo.

Nakuandikia hapa uani kwako, Mjimwema, nimekaa kwenye lile benchi ambalo kila mwaka ulisema utalipigilia misumari. Limelegea zaidi, lakini bado linatubeba. Jua limeshatoka ila baridi ya milima ya Matogoro haijataka kuondoka, kwa hiyo nimejifunga kanga mbili. Wifi Rozi yuko ndani, anatoa vumbi kwenye nguo za harusi. Tumerudi asubuhi hii kutoka Mpitimbi. Tulipiga muziki pale nyumbani jana, mahali ambapo mtu akipaza sauti inafika mpaka ulipolala. Sijui kama ilikufikia. Kama haikufika, basi nakusimulia.

Kwanza nikwambie neno lenyewe. Nimenunua pedali.

Usikunje uso. Ni ile ya kukanyaga kwa mguu, ya kuukwaruza mlio wa gitaa. Ni kisanduku kidogo, rangi ya tofali bichi. Na ndiyo, ni ya bei nafuu. Najua unavyovichukia hivyo vitu tangu kile ulichotoka nacho Makambako kikakufia katikati ya wimbo wa kwanza. Ulibaki unakikanyaga kama mtu anayeua mende, na wageni wa harusi wakadhani ni mtindo mpya wa kucheza, wakaanza kukuiga. Tulicheka wiki nzima. Wewe hukucheka. Baada ya hapo, kila mtu akikuletea habari ya kifaa kipya ulikuwa unasema, "Dukani kila kitu kinalia vizuri. Kanijaribie ukumbini."

Basi nimekujaribia ukumbini. Ngoja nianze mwanzo.

Amplifaya yako imekufa, Kaka. Samahani nakwambia hivi hivi. Haikukaa sana baada ya wewe kuondoka. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, tukasikia kitu kimepasuka na harufu ya kuungua ikajaa sebule nzima. Niliibeba mpaka kwa fundi wa redio kule Lizaboni, jirani na kibanda changu cha kushonea. Akaifungua, akaitazama muda mrefu, akaifunga tena taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Dada, transfoma imekwenda. Na hii ni ya zamani mno, spea zake utazitafuta wapi?" Nikairudisha. Wifi akaifuta, akaifunika kitenge. Haijatupwa wala haitatupwa, kaa na amani.

Lakini ulijua ilivyokuwa. Ile spika iliyochanika, uliyoibandika kwa gundi na kipande cha gunia, ndiyo iliyokuwa inaukwaruza mlio bila kuombwa. Ukigusa uzi kwa upole ilikuwa inaongea. Ukikaza kidole inakoroma. Ilipokufa, gitaa lako nikawa nalichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kuchanganyia sauti pamoja na maiki, na likawa linatoka safi. Safi mno. Nilipiga noti zako zilezile ulizonifundisha kwenye benchi hili, na zikatoka kama mwanafunzi anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Tulipiga kwenye kipaimara kimoja hapa mjini. Tukafika kwenye chemko, pale gitaa linapoachiwa lenyewe na watu wanatakiwa wanyanyuke. Wakanyanyuka kweli. Wakaenda kuchukua soda.

Hamisi aliendelea kupiga ngoma zake huku akinitazama kwa huruma, na huruma ya Hamisi unaijua, ni mbaya kuliko matusi. Wakati wa kukunja waya Mzee Mussa akanisogelea. Yeye ndiye kiongozi wetu sasa, ingawa bado anapiga besi yake amesimama palepale nyuma. Myao yule hasemi mtu vibaya. Akaniambia, "Mwanangu, vidole vyako havina kosa. Ila gitaa limekosa chumvi."

Na kuna jingine nililokuwa naogopa kulisema. Wifi aliacha kuimba. Tangu tukuzike hakuwa ameshika maiki. Tukija kufanya mazoezi sebuleni kwenu anatupokea vizuri, anatuwekea chai, halafu anaingia jikoni na mlango anaufunga. Mzee Mussa ndiye akawa anaimba, na sauti yake unaifahamu, Mungu amzidishie afya tu. Nilimuuliza wifi mara moja. Akasema, "Sesi, nikisimama pale, upande wangu wa kushoto nasikia hamna kitu." Upande huo ndiko ulikokuwa unasimama wewe. Sikumuuliza tena.

Ndipo ikaja habari ya Stela, binti wa baba mdogo. Anaolewa, harusi Mpitimbi, na hataki muziki wa kupigiwa kwenye kompyuta. Akasema anataka bendi ya kaka Deo. Alisema hivyo hivyo, "bendi ya kaka Deo", kama vile uko hapa unafunga nyuzi. Mzee Mussa akakubali papo hapo. Mimi nikarudi kwenye cherehani nikashona shati la mteja likatoka na mikono miwili ya kushoto.

Unaelewa nilivyokuwa naogopa. Kupiga mjini mbele ya wageni ni jambo moja. Kupiga sehemu zako mbele ya watu waliokubeba mabegani ni jambo lingine.

Siku chache baadaye nilipita dukani kwa Bakari pale karibu na soko, yule anayeuza maiki na redio na waya za kila aina. Akaniita, "Dada Sesi, hebu njoo. Nimeleta kitu chako." Akanitolea kile kisanduku. Kina vitufe vitatu vya kuzungusha. Kimoja cha ukubwa wa sauti, kimoja cha kuufanya mlio uwe mkali au mzito, cha tatu ndicho cha kukwaruza. Nikakigonga kwa ukucha. Plastiki. Nikakanyaga swichi, ikalia ka! kama kizibo cha soda. Alama mbili mbaya tayari.

Bakari akachomeka gitaa lililokuwa limening'inia ukutani kwenye spika mpya kubwa kama kabati, akawasha. Kaka, duka lilijaa watu. Gitaa lilinguruma! Mama mmoja aliyekuja kununua tochi akaanza kutikisa mabega. Nami nikatabasamu mpaka masikioni, na palepale nikakusikia: dukani kila kitu kinalia vizuri.

Nikamwambia Bakari, "Niachie nikaijaribu na gitaa letu, kwenye mikisa yetu."

"Ukirudi nayo imepasuka?"

Nikamwachia simu yangu. Akacheka, akaifungia kwenye droo.

Jioni ile tukakutana hapa, Hamisi, Mzee Mussa na mimi. Wifi akatuwekea chai, akaingia jikoni, mlango ukafungwa. Nikachomeka. Na nikaanza kwa pupa, nikazungusha vitufe vyote mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa nakutafuta wewe na nilidhani uko huko mwisho.

"Hiyo ni mashine ya kusaga," Hamisi akasema.

Kweli. Noti moja moja zilivumilika, ila nikipiga nyuzi tatu kwa pamoja zinashikana kama ubwabwa uliozidi maji, huwezi kujua ipi ni ipi. Nikajaribu ile njia yako ya kupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Kwenye amplifaya yako, ukipunguza pale, ule mkwaruzo ulikuwa unajiondokea na mlio unabaki mtamu. Huyu mdudu alikuwa anakwaruza vilevile, sauti ndogo tu. Mzee Mussa akaiweka besi mapajani. Nilijaribu tena, na tena, nikipiga ule mwanzo wako wa kuingiza maharusi, na kila nikiurudia ndivyo unavyozidi kuwa mbali. Mwisho nikaanza kuchomoa waya. Niliinama, sikutaka wanione uso.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Wifi akasimama pale, mikono imejaa unga.

"Sesi, unatafuta nini humo?"

"Natafuta sauti ya kaka."

"Hutaipata hivyo." Akaja mpaka kwangu, akaangalia vile vitufe. "Hivi ndivyo alivyokuwa anaweka yeye. Kila kitu juu. Mimi ndiye niliyekuwa napunguza."

Kaka, tulimtazama wote watatu.

"Unapunguza nini, wifi?"

Akasema miaka yote ile, kila ulipomaliza kuweka amplifaya yako na kugeuka kusalimiana na watu, yeye alikuwa anapita nyuma yako kwenda kwenye maiki, na akipita anainama kama anayefunga kiatu, anakupunguzia ule ukali. Kila ukumbi. Namtumbo, Mbinga, hapa mjini. "Nisingefanya hivyo angewaumiza watu meno," akasema.

"Na yeye alijua?"

"Hakujua. Alikuwa anarudi, anapiga noti moja, anasema, 'Ukumbi wa leo mzuri.'"

Kaka! Hivyo ndivyo ulivyokuwa unasema kweli! "Ukumbi wa leo mzuri." Hata kwenye lile ghala la mahindi lenye mwangwi kama kisima ulisema hivyo!

Hamisi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wifi mwenyewe. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, akawa anajifuta kwa viwiko kwa sababu ya ule unga, na mashavu yakawa meupe. Mzee Mussa alikuwa anatazama dari. "Subhanallah," akasema, "na mimi nilikuwa namsifu."

Nimelifikiria sana jambo hili. Mimi niliamini siri iko kwenye kidole chako, nikajichukia kwa sababu kidole changu si chako. Kumbe ule mlio mliutengeneza wawili, na mmoja wenu bado yuko, anakanda unga wa chapati. Na tena sina hakika kama hukujua. Mtu aliyesikia uzi umelegea kutoka nje ya nyumba asisikie amplifaya yake imebadilishwa? Hilo umeondoka nalo.

Wifi akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti. Cha kukwaruza akakirudisha, kikapita katikati, akakiacha chini kidogo ya hapo. Cha ukali akakishusha zaidi. Cha sauti akakipandisha. "Haya piga. Usipige vya Deo. Piga chochote."

Nikapiga kitu ambacho hujawahi kukisikia. Ni kijisauti kinachonijia nikiwa kwenye cherehani, mguu unakwenda, mawazo yanakwenda. Na kile kisanduku cha plastiki kikanisikiliza, Kaka. Nikigusa kidogo kinaongea. Nikikaza kinakwaruza. Nyuzi tatu kwa pamoja, kila mmoja ukasikika ulipo. Nikapunguza kwenye gitaa, mkwaruzo ukaondoka kama ulivyokuwa unaondoka kwako.

Haikuwa sauti yako. Nisikudanganye. Yako ilikuwa na uzito chini, kama mtu aliyekesha anapokea wageni. Hii ni nyembamba, changa. Lakini ilikuwa sauti.

Wifi alisikiliza ameinamisha kichwa. "Siyo yake," akasema.

"Najua."

"Ila ina pa kushika." Akarudi jikoni kwenye chapati zake. Hakuimba. Lakini mlango aliuacha wazi.

Kwa hiyo nikaamua. Ungeniuliza inafaa au haifai, ningekujibu hivi: mtu anayetaka kufufua amplifaya ya zamani asiinunue, atalia bure. Anayetaka kelele za kutisha jirani pia asiinunue, ikifika huko juu inakuwa nyuki tu. Ila mwenye gitaa safi lisilo na chumvi, na mwenye subira ya kukaa chini ya katikati, ainunue. Inafaa zaidi ya bei yake. Kasoro zake nitaishi nazo. Ya kwangu ya kwanza swichi yake ilikuwa inanata, nikarudi kwa Bakari nikakanyaga zote alizokuwa nazo mpaka nikapata inayonyanyuka vizuri. Akaniambia, "Dada, unanunua pedali au unanunua ng'ombe?" Nikaipigilia kwenye kipande cha ubao isiteleze. Na plastiki yake siiogopi. Miguu yangu imezoea cherehani, haikanyagi kwa hasira kama ya mtu ninayemjua.

Basi jana.

Mpitimbi walikuwa wamefunga turubai uwanjani kwa baba mdogo. Jenereta nyuma ya nyumba. Mama alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, anakusalimu. Wifi alikuja kama mgeni, amekaa na mashangazi, amevaa sare niliyoishona mwenyewe. Tulikuwa hatujamwomba chochote.

Nikawasha, na ukumbi ukasikia mngurumo. Vuuu. Ule umeme wa jenereta ulikuwa unapita kwenye adapta ya pedali na kutokea kwenye spika. Stela na mumewe walikuwa tayari wamesimama mlangoni wanasubiri wimbo wa kuingia. Watu wakageuka kunitazama. Nikawaona wale waliochimba kaburi lako, wamekaa kwenye mkeka, wananitazama. Kisha nikakumbuka kuwa ndani ya mkoba wa gitaa niliweka betri, ile ndogo ya mraba. Nikachomoa adapta, nikapachika betri, Hamisi akinifichia aibu kwa kugonga ngoma kama vile ilipangwa. Mngurumo ukakata. Kukawa kimya kizuri, mpaka nikasikia kuku wa jirani.

Nikawaingiza maharusi kwa mwanzo wako, noti kwa noti, kwa sababu huo ni wako na watu wa pale wana haki nao. Lakini tulipofika kwenye chemko nikaiacha njia yako. Nikakanyaga, nikapiga kile kitu changu cha kwenye cherehani. Baba mdogo alinyanyuka wa kwanza. Halafu wale wa kwenye mkeka. Halafu vumbi likapanda, Kaka, na hakuna aliyekwenda kuchukua soda.

Kwenye vumbi hilo nikamwona wifi anakuja. Anakatiza katikati ya wachezaji, kanga ameifunga kiunoni. Akapita nyuma yangu. Nikajua anainama kwenye vile vitufe, nikasubiri mlio ubadilike. Haukubadilika. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mussa, akampigia goti kidogo, akasema, "Baba, pumzika." Mzee Mussa akampa maiki kama mtu aliyekuwa ameshika kikombe cha moto.

Akaanza. Mstari wa kwanza sauti ikamkatikia. Akasimama, mkono mdomoni. Sikujua la kufanya, nikafanya lile unalolifanya mtu anapojikwaa karibu yako, unamsubiri. Nikazunguka palepale, zile nyuzi tatu, polepole, nikazunguka tena. Hamisi akashusha ngoma. Mzee Mussa akaja na besi chini yangu kama mkeka. Tukamsubiri. Mama alikuwa amefumba macho. Na wifi akavuta pumzi, akaingia, na safari hii sauti haikukatika. Aliimba mpaka mwisho wa wimbo na wa pili na wa tatu, mpaka mashangazi wakamfuata na vigelegele hadi mbele.

Baadaye tulipokuwa tunakula pilau nikamuuliza, "Mbona hukunipunguzia?"

Akatafuna kwanza. "Kwani ilikuwa na tatizo?"

Ndivyo alivyosema. Sikuweza kumalizia sahani yangu.

Asubuhi tulikuja kaburini kwako wote wawili, tukang'oa majani. Udongo umeshatulia. Wifi alikaa peke yake kidogo, mimi nikamsubiri barabarani na gitaa. Hakuniambia amesema nini na sitamuuliza.

Wakulima wa tumbaku wa Namtumbo wametuita baada ya msimu wa masoko. Wifi ndiye aliyepokea simu, na ndiye aliyesema tutakwenda. Hata hakuniuliza.

Kwa hiyo, Kaka, kwaheri kwa sasa. Nakuahidi mambo mawili. Nyimbo zako nitazipiga kila mahali watakapoziomba, kwa heshima, bila kuzichafua. Na kile cha kwenye cherehani nitakimalizia. Kinakuwa wimbo, wifi ameshaanza kukitafutia maneno, namsikia hapa anayajaribu huku anakung'uta nguo. Ukiusikia siku moja, usihangaike kuutambua. Huo ni wetu sisi tuliobaki.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Sesi